Mwadi na Farasi wa Watu

Siku ile Mwadi Mwenze alipotoka mbio barabarani na kisu cha jikoni mkononi, alikuwa amemwacha bibi wa miaka tisini na moja mezani, supu yake inapoa.

Ilikuwa Boitsfort, nyumbani kwa bibi huyo aliyekuwa akilipwa kumtunza, upande ule wa Brussels ambako nyumba zinaishia na msitu unaanza. Mwadi alikuwa anaosha sufuria mbele ya dirisha la jikoni akasikia kwato juu ya mawe ya barabara. Hakuinua macho. Alisikiliza kwanza. Mguu mmoja ulikuwa unakanyaga kwa kuchelewa.

"Madame, nakuja sasa hivi," akamwambia bibi, akatoka na aproni yake ya kazi.

Aliyekuwa juu ya farasi ni mwanamke wa Kibelgiji wa miaka hamsini hivi, mgongo wima, kofia ngumu kichwani. Alipomwona mwanamke mweusi anamjia na kisu akavuta hatamu.

"Farasi wako anachechemea," Mwadi alimwambia kwa Kifaransa. "Mguu wa mbele, wa kushoto."

"Anajifanya. Hapendi kutoka asubuhi."

Mwadi hakubishana naye. Alimgusa farasi begani, akaacha mkono uteremke polepole mpaka chini, na farasi akautoa mguu mwenyewe, kama mama anavyompa jirani mtoto amshikie kidogo. Jiwe lilikuwa limekwama kati ya chuma na ile sehemu laini ya katikati ya kwato. Mwadi akalichokoa kwa ncha ya kisu, akaliweka kwenye kiganja cha yule mwanamke.

"Umejifunza wapi?"

"Lubumbashi."

"Huko kuna farasi?"

"Walikuwepo."

Mwanamke akacheka, akajitambulisha: Marie-Claire. Alikuwa na banda la farasi dakika kumi na tano kutoka pale. "Pita siku moja," akasema, akaenda zake.

Mwadi alirudi ndani akamkuta bibi amesinzia na kijiko mkononi. Alinawa mikono mara mbili, kama sheria ya kazi inavyotaka, akapasha supu upya. Harufu ya farasi ilibaki kwenye sweta. Badala ya kufurahi alijikuta amekasirika, tena sana, na ilimchukua njia nzima ya kurudi nyumbani kuelewa kwa nini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefaulu kutoifikiria harufu ile.

Baba yake, Papa Mwenze, alitunza farasi katika klabu moja ya Lubumbashi tangu ujana wake mpaka nywele zikawa nyeupe. Wenye farasi walikuwa wazungu wa makampuni, wafanyabiashara, baadaye na wakubwa wa serikali. Walikuja jioni na Jumapili asubuhi. Saa nyingine zote farasi walikuwa wa Papa Mwenze. Kati ya watoto wake sita, ni Mwadi peke yake aliyemfuata kazini. Mtaani watoto walimwita mtoto wa punda, maana kule watu wengi humwita farasi punda, na jambo hilo lilimuudhi baba kuliko matusi mengine yote.

"Farasi," alikuwa akiwaambia. "Haina punda. Punda njo ingine nyama." Kwake punda alikuwa mnyama mwingine kabisa.

Asubuhi na mapema Mwadi aliwapeleka farasi majini, akiwa amempanda mmoja bila tandiko. Siku moja mke wa tajiri mmoja alimwona, na baba akaonywa: mtoto wa mfanyakazi hapandi farasi wa wenyewe. Basi Mwadi akabaki na kwato, kwa sababu kwato hazina wa kuzitazama. Akiwa na miaka kumi alishikilia mguu baba akikata. Akiwa na kumi na mitatu alishika kisu mwenyewe, na baba akiwa nyuma yake anasema, "Polepole. Kata kidogo, angalia mingi."

Kisha ukaja mwaka wa uporaji, askari wasiolipwa walipovunja maduka na nyumba mjini. Mwadi alikuwa na miaka kumi na mitano. Wenye farasi wengi walipanda ndege ndani ya siku chache, wakaacha wanyama tisa bandani. Papa Mwenze na binti yake walikata majani kando ya reli, wakayabeba kichwani, kila siku, miezi minne. Farasi saba walikufa hata hivyo. Wawili waliobaki walichukuliwa na askari, na hakuna aliyejua waliishia wapi. Baba alimaliza maisha yake akilinda ghala la saruji, na hakutaka tena kusikia habari za farasi.

Mwadi alifika Brussels akiwa na miaka ishirini na minne, akimfuata mume. Mume baadaye alihamia Lille, Ufaransa, na mambo yake, akamwachia binti, Océane. Miaka ile ya kwanza Mwadi aliwahi kuthubutu, katika ofisi moja ya kutafutia watu kazi, kusema kwamba anajua farasi. Karani alimuuliza diploma iko wapi. Hakuwa nayo. Karani akageuza skrini yake na kumwonyesha: kuna nafasi nyingi za kuhudumia wazee majumbani, tena karibu na metro. Mwadi alizichukua. Aliogesha watu, aliwavisha soksi, aliwalisha, aliwazika wengine. Haikuwa kazi mbaya. Ila hakuichagua.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na minane, na jiwe dogo la barabarani lilikuwa limeharibu utulivu wake wote.

Rafiki yake Hadassa, mwanamke wa Goma mwenye saluni ndani ya Galerie d'Ixelles, jengo la maduka ya Waafrika, ndiye wa kwanza kuambiwa. Alikuwa anamsuka, na mikono ikasimama.

"Ati nini?"

"Nitajiandikisha ku masomo. Ya kutunza farasi na kwato. Iko école moja, shule ya bantu bakubwa, mara mbili kwa wiki."

"Maman Océane, uko na akili kweli? Bazungu batakupatia farasi yabo? Batakupatia mavi."

Wanawake wawili waliokuwa wanangoja zamu wakacheka. Mwadi naye akacheka, kwa sababu ndani ya saluni ile ukikataa kucheka unachekwa zaidi. Lakini maneno yale yalimwingia kama mwiba wa samaki.

Océane, aliyekuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, hakucheka kabisa.

"Maman, franchement. Uko na quarante-huit ans. Mgongo inakuuma kila siku. Utaenda kusukuma toroli mu baridi?"

"Naosha bantu miaka kumi na tisa, Océane. Hakuna mwenye aliniuliza kama napenda."

"Donc unataka nini? Mi nikuulize?"

"Ndiyo. Uniulize."

Msichana akaingia chumbani kwake bila kuuliza.

Mwadi alipunguza saa zake za kazi hadi nusu, akaanza masomo mwezi wa tisa. Darasani walikuwa kumi na wanne. Wenzake wengi walikuwa na umri wa Océane, na karibu wote walikuwa wamekua na farasi wao wenyewe. Walimwita madame. Mwalimu alieleza mifupa ya mguu, na Mwadi akagundua jambo lililomuudhi kwa namna ya ajabu: vile vitu vyote alivyovijua kwa vidole vilikuwa na majina, na majina hayo hakuyajua. Mwalimu aliuliza, wenzake wakainua mikono. Yeye alijua jibu na hakuwa na neno la kulitajia.

Ili kupata cheti ilibidi mwanafunzi afanye kazi ya mazoezi saa mia tatu katika banda la farasi. Mwadi alipigia simu mabanda kumi na moja. Kifaransa chake kilikuwa kizuri, na mwanzo wa mazungumzo ulikwenda vizuri pia. Ndiyo, tunahitaji mtu. Ndiyo, njoo Jumatatu. Kisha wakamwomba ataje jina lake, herufi kwa herufi, na nafasi ikawa imejaa. Wawili walisubiri hadi alipofika mlangoni ndipo wakasema imejaa. Mmoja alimwambia kwa upole kabisa kwamba farasi wake huogopa watu wasiowazoea.

Lililobaki ni banda la Marie-Claire. Mwadi alipofika, Marie-Claire hakumkumbuka.

"Jiwe," Mwadi akasema. "Boitsfort. Na kisu."

"Ah! Mwanamke wa kisu!" Marie-Claire akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Sawa. Nahitaji mikono. Unaanza lini?"

Banda lilikuwa na vyumba ishirini na sita vya farasi, katika safu mbili zinazotazamana, na uwanja wa mchanga katikati. Siku ya kwanza Mwadi alipewa uma mkubwa na toroli. Alidhani ni mwanzo tu, kila mtu huanza hivyo. Wiki ya nne bado alikuwa na toroli. Msichana wa darasani kwao, aliyekuja kufanya mazoezi palepale wiki mbili baada yake, alipewa farasi watatu wa kusugua kwa brashi na kutembeza.

Mwadi aliuliza.

"Wewe una nguvu," Marie-Claire alimjibu. "Yule mtoto toroli inamshinda."

"Lakini nimekuja kujifunza kwato."

"Kwato ni za Dan."

Dan alikuwa fundi wa kwato, kijana mrefu asiyesema sana, aliyekuja kila baada ya wiki sita na gari lake lenye tanuri dogo nyuma. Alipokuwa akifanya kazi, Mwadi alitafuta kila sababu ya kupita karibu naye. Alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Aliona kwamba kijana yule ni hodari, na aliona pia farasi mmoja aliyekatwa sana upande wa nje. Alirudi kwenye samadi huku meno yameumana.

Jioni mgongo ulimuuma hivi kwamba alivua buti akiwa amelala chali sakafuni. Océane alimkuta hivyo mara mbili; alimvuta buti, moja baada ya nyingine, akaziweka nje kwenye balkoni kwa sababu ya harufu.

Ndipo, mwezi wa nne, majani mapya yalipoota baada ya baridi, jambo la Pralin likatokea.

Pralin alikuwa farasi mnene wa rangi ya kahawia, mpole, mali ya mwanasheria mmoja mwanamke aliyekuja Jumamosi tu. Jumanne moja Mwadi aliingia kuondoa samadi akamkuta amesimama vibaya: miguu ya mbele ameisogeza mbele, uzito wote ameutupa nyuma, kama mtu anayejaribu kusimama kwa visigino. Mwadi akaacha uma. Akashika ukwato wa mbele, ulikuwa na joto. Akatafuta mshipa nyuma ya kifundo, ukapiga kwa nguvu chini ya kidole chake. Aliwahi kuona hali ile Lubumbashi, mwaka ambao mvua zilinyesha sana na farasi wakashiba majani mabichi. Ni uvimbe ndani ya kwato. Ukiwahiwa unapoa. Ukiachwa, mfupa unageuka ndani na farasi hapandwi tena.

Alimfuata Marie-Claire ofisini.

"Pralin ana joto kwenye kwato za mbele. Asiende malishoni leo. Aitwe daktari."

Marie-Claire alikuwa kwenye simu. Alifunika simu kwa mkono. "Pralin ni mvivu na ni mnene. Umemaliza upande wa kushoto?"

"Nimeshika mshipa wake."

"Mwadi. Upande wa kushoto."

Jumatano hakuwa na zamu bandani. Alikuwa Boitsfort, kwa bibi wake. Alhamisi alirudi, akamkuta Pralin malishoni, anatembea kama anayekanyaga vioo. Mlangoni mwa banda palikuwa na ubao ambao wafanyakazi waliandika mambo ya kukumbuka. Mwadi akachukua chaki, akaandika kwa herufi kubwa: PRALIN, MIGUU YA MBELE MOTO. ASIPEWE MAJANI. DAKTARI. Akaandika na jina lake chini. Mchana alipopita tena, maneno yalikuwa yamefutwa. Mahali pake paliandikwa ratiba ya sherehe ya kuzaliwa ya mtoto mmoja, na majina ya poni sita, farasi wale wadogo, watakaopambwa utepe.

Alisimama pale na toroli iliyojaa. Alitamani kuimwaga palepale mlangoni.

Jumamosi alifanya kitu alichokatazwa: alizungumza na mwenye farasi. Mwanasheria alikuwa anafunga kamba za buti.

"Madame, farasi wako anaumwa. Usimpande leo."

Mwanamke alimtazama kwa tabasamu la adabu. "Marie-Claire anasemaje?"

"Marie-Claire hajamwangalia."

"Basi nitamuuliza."

Akamuuliza, na dakika kumi baadaye Pralin aliwekwa tandiko. Marie-Claire alimvuta Mwadi pembeni akamwambia, kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie, kwamba wafanyakazi wa usafi hawatoi ushauri wa daktari, na kwamba likitokea tena hatatia sahihi kitabu chake cha mazoezi. Mwadi alikuwa amebakiza saa arobaini na mbili. Alishuka kwenye basi kituo kimoja kabla ya kwao, akatembea chini ya mvua, akajiambia maneno yote ambayo angepaswa kumjibu.

Jumatatu Pralin alikuwa amelala na hakuweza kuinuka.

Daktari wa wanyama alifika saa nne asubuhi. Alipiga magoti ndani ya chumba cha Pralin, akashika kwato, akatikisa kichwa. "Hii si ya leo wala ya jana," akasema. "Ina wiki. Majani aliyapata?"

Wote walikuwa wamekusanyika: Marie-Claire, wasichana wa mazoezi, mwalimu wa kupanda farasi.

"Na hakuna hata mmoja wenu aliyeona?" Marie-Claire aliuliza.

Mwadi akasogea mlangoni mwa chumba. "Mimi niliona. Nilikwambia Jumanne ukiwa kwenye simu. Niliandika ubaoni Alhamisi. Nilimwambia mwenye farasi Jumamosi, na ukanigombeza."

Marie-Claire alikuwa amepauka. Hakuwa mwanamke mbaya, na alimpenda yule farasi, hilo lilionekana. Lakini alichosema ni hiki:

"Ungesisitiza."

Mwadi aliinama akaokota uma wake, kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kushika. Kwa siku tatu zilizofuata, bila kuagizwa na yeyote, alimwagia Pralin maji baridi miguuni kila saa, akamtandikia nyasi kavu chini kwa kina cha magoti ili kwato zipumzike. Farasi hakufa. Alipona kiasi cha kutembea, akapelekwa kwenye malisho makavu huko Ardennes, asipandwe tena maisha yake yote.

"Uache ile nafasi," Hadassa alimwambia. Safari hii hakucheka. "Bale bantu hawakuheshimu."

"Nikiacha, saa zangu zote za mazoezi zinapotea. Narudi zéro."

"Donc utavumilia?"

"Sivumilii. Nabakia tu."

Alimaliza saa zake. Marie-Claire alitia sahihi kitabu, na kwenye nafasi ya maoni akaandika kwa mwandiko mzuri: Mfanyakazi wa kuaminika, mwenye bidii na nguvu. Anafaa sana kwa usafi. Mwadi aliyasoma ndani ya basi, akayasoma tena, akakunja kitabu akakikalia.

Mtihani ulikuwa mwezi wa sita. Kwa vitendo walipewa miguu ya farasi waliokufa, imefungwa kwenye vyuma juu ya meza. Wanafunzi wawili walitoka nje kutapika. Mwadi alikata kidogo, akaangalia sana, na msimamizi aliyekuwa anapita akasimama mbele ya meza yake muda mrefu kuliko kwa wengine, akaandika kitu, akaendelea. Mtihani wa kuandika ndio uliomtesa. Océane alikuwa amemsomesha mifupa wiki tatu mfululizo, akimuuliza kwa Kifaransa asubuhi wakati wa chai, na kumtolea macho kila alipokosea. Alipata kumi na tatu kati ya ishirini. Alifaulu.

Akapewa karatasi yenye muhuri, na hakuna kilichotokea. Marie-Claire alimwajiri yule msichana wa darasani. Mabanda mengine yaliandika kwamba yamehifadhi barua yake. Mwezi wa saba ukapita, wa nane ukapita. Mwadi alikuwa Boitsfort, Uccle, Etterbeek, akivisha watu soksi. Aliponunua vifaa vyake, tupa, koleo na visu viwili vya kwato, vyote vya mitumba, aliviweka chini ya kitanda, na kila alipofagia vilimgonga fagio.

Siku moja mwezi wa tisa simu yake ikalia. Alikuwa Dan.

"Ni wewe uliyesema Pralin ana joto miguuni, kabla ya daktari?"

"Nani amekuambia?"

"Daktari mwenyewe. Sikiliza, nina wateja wengi kuliko nguvu zangu. Wapo ambao siwataki tena. Nikupe namba zao?"

"Kwa nini huwataki?"

Dan alifikiri. "Wengine wanapiga mateke. Wengine, wenye farasi ndio wabaya."

Yalikuwa majina matano. Mwadi aliyaandika nyuma ya ratiba ya dawa ya bibi wake, na alijua vizuri kabisa kwamba anapewa makombo. Aliwapigia wote. Wawili hawakupokea. Mmoja alisema atangoja Dan mwenyewe apate nafasi. Mwingine alikubali, kisha alipomwona Mwadi anashuka kwenye basi na mfuko wa vifaa akauliza kama bosi wake yuko nyuma anakuja. Poni wa huyo alimpiga teke la paja lililoacha alama ya bluu mwezi mzima. Lakini kwato nne zilikatwa, na zilikatwa sawa.

Wa mwisho kwenye orodha alikuwa mzee aitwaye Constant, aliyevuta magogo msituni kwa farasi, kule ambako mashine hazitakiwi kwa sababu zinaharibu udongo. Farasi wake jike alikuwa wa aina ile nzito ya Ubelgiji, kifua kama kabati, kwato pana kama sahani za ubwabwa. Constant hakuuliza Mwadi anatoka wapi wala cheti kiko wapi. Alichukua tupa ya Mwadi, akaipitishia kidole gumba.

"Butu," akasema.

"Ni ya mitumba."

"Na farasi wangu je, ni wa mitumba?" Akaingia kwenye kibanda, akatoka na tupa yake mwenyewe. "Tumia hii. Utanirudishia."

Farasi yule alikuwa na tabia moja: ukishika mguu wake, anakuegemea. Anakuwekea uzito wake wote mgongoni kama gunia la chumvi, anasinzia. Mwadi alisukuma, akaomba, akatukana kwa Kiswahili. Mguu wa kwanza ulimchukua dakika arobaini na tano. Kwenye mguu wa tatu alimpiga kiwiko cha ubavu na kusema, "We mama, simama! Mi haina ukuta!" na farasi akafungua macho, akasimama juu ya miguu yake mwenyewe. Constant alikohoa, huenda alikuwa anacheka.

Alipomaliza, jasho linamtiririka, mzee alizunguka farasi mara moja, akachuchumaa. "Wa nyuma, kulia. Upande wa ndani umeuacha juu."

Mwadi aliangalia. Ilikuwa kweli. Alihisi machozi ya hasira yanamjia, siyo kwa mzee, kwa yeye mwenyewe, kwa mgongo wake, kwa miaka kumi na tisa ambayo mikono yake ilikuwa inasahau. Akauinua mguu ule tena, farasi akamwegemea tena, akauweka sawa.

"Sasa ndiyo," Constant akasema. "Rudi baada ya wiki nane. Na Alhamisi ya wiki ya tatu kutoka leo, rafiki yangu wa Tervuren ana wawili kama huyu. Nimwambie unakuja?"

"Mwambie."

Ndani ya tramu mtu mmoja alihama kiti kwa sababu ya harufu. Mwadi aliweka mfuko wa vifaa kwenye nafasi iliyoachwa, akaipigia simu kampuni inayompangia wazee. Muziki wa kusubiri ulicheza kwa vituo vinne. Mwishowe karani akapokea.

"Alhamisi ya wiki ya tatu sitakuwepo," Mwadi akasema.

"Sababu? Hapa nina ugonjwa, msiba, mtoto, au likizo."

"Kazi. Kazi yangu nyingine."

"Hiyo haimo."

"Basi weka unachotaka."

Karani alipumua kwa nguvu, akabonyeza vitufe. Alisema Alhamisi ni siku ngumu, watu hawapatikani, na yule bibi wa Boitsfort hampendi mtu mwingine. Angeona kinachowezekana lakini hawezi kuahidi. Mwadi alikuwa na majibu kadhaa. Paja lilikuwa bado linamuuma, mgongo ulikuwa unawaka, na tupa ya Constant, ambayo alikuwa amesahau kuirudisha, ilimchoma ubavuni kupitia mfuko.

"Sikuombi ruhusa," akasema. "Nakupa habari."

Akakata simu. Kituo chake kilikuwa kimepita tayari, na ikabidi arudi kwa miguu.